Bunduki ikiua mutu mu kutengeneza filme, nani atajibu mbele ya sheria?

Kwetu ku Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, hata mutoto wa masomo ya primaire anajua mulio wa risasi. Bunduki haiko kitu cha kuona tu mu televizyo. Tunajua kazi yake, na wengi wetu tumezika watu juu yake. Lakini kuko fasi moja yenye hata sisi tunasahau kama bunduki ni bunduki: mu filme. Tunaona moshi, tunasikia mulio, mutu anaanguka, kisha tunajiambia kama ni mucezo tu, na muchezaji ataamuka aende kula.

Tarehe 21 Mwezi wa 10, 2021, ku Marekani, muchezaji alitosha bunduki na mutu mmoja hakuamuka tena. Ilikuwa karibu na muji wa Santa Fe, mu jimbo la New Mexico, fasi inaitwa Bonanza Creek Ranch. Kule walikuwa wanatengeneza filme ya wachunga-ngombe wa zamani, jina lake "Rust". Mwenye alikufa ni Halyna Hutchins, mama wa miaka 42 mwenye alizaliwa ku Ukraine, mukubwa wa picha mu kazi hiyo. Risasi ileile yenye ilimuua ilimujeruhi mwongozaji wa filme, Joel Souza, ku bega. Yeye alipona. Bunduki ilikuwa mu mukono wa Alec Baldwin, muchezaji mwenye kujulikana dunia nzima, na mwenye alikuwa pia kati ya watayarishaji wa filme hiyo.

Leo kesi za azabu zimekwisha. Mutu mmoja alifungwa, mwengine alipewa azabu ndogo inje ya gereza, wa tatu alirudia kwake bila hukumu, na kampani ililipa amande. Lakini kwa maoni yetu, swali lenye kesi hiyo iliuliza linabakia, na linatuhusu hata sisi huku: wakati bunduki moja imepita mu mikono ya watu wengi, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye alipashwa kuiangalia, sheria imukamate nani?

Mambo yalipita namna gani

Ili kujibu, inafaa kwanza kufahamu mambo yenye yalifanyika pale. Siku hiyo hawakukuwa hata wanapiga picha yenyewe. Walikuwa wanajizoeza, ndani ya nyumba ya mbao yenye ilijengwa sawa kanisa la zamani. Baldwin alipashwa kutosha bunduki mu mufuko wake wa ngozi na kuielekeza upande wa kamera. Nyuma ya kamera kulikuwa Hutchins na Souza.

Mu kazi ya filme kuko risasi za namna tatu, na ni lazima kuzitofautisha. Ya kwanza ni ya kuonyesha tu: iko na kichwa cha risasi lakini hakuna baruti ndani, kwa hiyo haiwezi kupiga. Ya pili iko na baruti lakini haina kichwa: inatoa moto na mulio. Ya tatu ni risasi ya kweli, yenye inaua. Hiyo ya tatu haipashwe hata kidogo kufika fasi kwenye filme inatengenezwa. Ku "Rust" zilikutikana zaidi ya moja, zikiwa zimechanganyika na zile za kuonyesha.

Mwenye kutunza silaha alikuwa binti wa miaka 24, Hannah Gutierrez-Reed. Yeye ndiye aliweka risasi mu bunduki akiamini kama zote ni za kuonyesha. Kisha yeye, kulikuwa musaidizi wa kwanza wa mwongozaji, David Halls, mwenye daraka la usalama ku kazi. Halls alipashwa kuangalia risasi moja kwa moja. Mbele ya tribinali alikubali kama hakuiangalia bunduki vizuri. Watu waliambiwa kama bunduki iko salama, na neno hilo likafanya kila mutu atulie. Wakati ilipiga, binti mwenye kutunza silaha hakukuwa hata ndani ya nyumba.

Na haikukuwa mara ya kwanza. Tarehe 16 Mwezi wa 10, siku tano mbele ya kifo hicho, bunduki zilipiga mara mbili bila mutu kukusudia, zikiwa na risasi za baruti tu. Hakuna mwenye alikufa, kwa hiyo kazi iliendelea. Asubuhi ya siku Hutchins alikufa, watu wa kamera waliacha kazi na kujiendea, wakilalamika juu ya hali ya kazi na usalama. Wengine walitafutwa mbiombio, na kazi ikaendelea tena.

Sheria ilimukamata nani

Halls alipatana na waendesha-mashtaka: mu Mwezi wa 3, 2023, hakupinga shitaka la kutumia silaha kwa uzembe, na akapewa miezi sita ya kuchungwa, bila kuingia mu gereza. Gutierrez-Reed alifika mbele ya tribinali. Tarehe 6 Mwezi wa 3, 2024, raia wenye walichaguliwa kuamua kesi walimukuta na hatia ya kuua bila kukusudia. Mwezi wenye ulifuata muamuzi alimupa miezi 18 ya kifungo, azabu yenye kuwa kubwa zaidi mu sheria ya jimbo hilo juu ya kosa hilo.

Baldwin yeye alishitakiwa mu Mwezi wa 1, 2023. Shitaka likaondolewa mu Mwezi wa 4. Likarudishwa tena mu Mwezi wa 1, 2024. Alisema siku zote kama hakuvuta kibonyezo cha bunduki. Wataalamu wa FBI walisema bunduki ile haikuweza kupiga bila kuvutwa, isipokuwa kama imevunjika. Kesi yake ilianza mu Mwezi wa 7, 2024, na ikakufa mu siku chache tu. Tarehe 12 ya mwezi huo, muamuzi Mary Marlowe Sommer aliifunga kwa siku zote, kwa sababu polisi na waendesha-mashtaka walikuwa wameficha avoka wa Baldwin vitu vyenye vilihusu kesi: risasi zenye mutu mmoja alipelekea polisi, na zenye hazikuandikwa mu faili ya kesi hiyo.

Kampani yenye ilitengeneza filme ilipewa amande na idara ya usalama wa kazi ya New Mexico. Idara hiyo ilisema kama wakubwa wa kazi walijua kanuni za silaha hazifuatwe, na hawakufanya kitu. Amande ilikuwa dola 136.793, yenye kuwa kubwa zaidi mu sheria ya jimbo. Kisha mapatano, ilishuka ku dola 100.000. Bwana wa Hutchins alimaliza mashtaka yake na kampani kupitia mapatano, na filme ikamalizwa ku jimbo la Montana mu 2023.

Maoni yetu

Kwanza, muamuzi alifanya vizuri kufunga kesi ya Baldwin. Tunajua kama wasomaji wengi hawatakubali. Wengi walisema: tajiri ameponyoka, binti mudogo amefungwa. Tunaelewa uchungu huo. Lakini inchi yenye inaruhusu mwendesha-mashtaka kuficha vitu ili apate mutu wa kufunga, haitaishia ku kufunga matajiri. Sisi tunaishi fasi kwenye mutu anaweza kulala mu cachot majuma mingi bila kuonyeshwa faili yake. Hatuwezi kulilia haki hiyo kwa ajili ya ndugu zetu, kisha tukasirike wakati inafuatwa kwa ajili ya mutu mwenye jina kubwa. Mwenye alikosea pale ni Serikali, na Serikali ikipoteza kesi kwa kosa lake, ni yenyewe ilijipoteza.

Pili, kufungwa kwa kesi hakumaanishe kama mwenye kushika bunduki hana daraka. Hapa tunatofautiana na chama cha wachezaji wa Marekani, SAG-AFTRA. Chama hicho kilisema kama muchezaji haiko mutaalamu wa silaha, na haipashwe kuombwa awe mutaalamu. Anatumainia watu wenye wamelipwa kwa kazi hiyo. Neno hilo liko na ukweli ndani yake. Muchezaji hawezi kutofautisha vizuri risasi ya kuonyesha na ya kweli, na ni hatari zaidi akianza kufungua-fungua bunduki yeye mwenyewe. Lakini kuko mambo mbili yenye haiombe utaalamu: kutoelekeza bunduki kwa mutu, na kuomba uonyeshwe kwa macho yako kama hakuna kitu ndani. Kanuni za usalama zenye mashirika ya filme ya Marekani yenyewe yalikubaliana, na zenye zilikuwa zimeandikwa miaka mingi mbele ya "Rust", zinasema vilevile: kila bunduki itunzwe sawa iko na risasi, na isielekezwe kwa mutu.

Na kanuni hizo ziliandikwa juu ya vifo. Mu 1984, muchezaji Jon-Erik Hexum alijiwekea bunduki ku kichwa kwa mucezo wakati alikuwa anangojea kazi ianze. Ilikuwa na baruti tu, lakini nguvu ya baruti hiyo karibu na mufupa wa kichwa ilimuua. Mu 1993, Brandon Lee, mutoto wa Bruce Lee, alikufa akiwa na miaka 28 mu kutengeneza filme "The Crow": kichwa cha risasi kilikuwa kimebakia mu mudomo wa bunduki bila mutu kukiona, kisha wakaweka risasi ya baruti, na baruti ikasukuma kile kichwa. Hakuna mutu mwenye alihukumiwa juu ya kifo hicho. Miaka 28 kisha, mama mwengine akakufa.

Tatu, na hili ndilo la maana zaidi: daraka la kwanza ni la ule mwenye kupanga kazi na kushika feza. Binti Gutierrez-Reed alikosea, na baraza lilimuhukumu kwa haki. Lakini nani aliamua kama mutu mmoja, tena mwenye uzoefu mudogo, atatunza silaha na kusaidia mu kazi ya vifaa vingine palepale? Nani alijua kama bunduki zimepiga mara mbili na hakusimamisha kazi hata siku moja? Mu kesi ya Baldwin, muamuzi alikuwa amesema hata mbele ya mashahidi kuingia kama daraka lake la mutayarishaji halitazungumuziwa. Angehukumiwa tu sawa muchezaji. Kwa hiyo, mu kesi zote za azabu, hakuna hata moja yenye iliuliza wakubwa wa kazi maulizo hayo. Wao walijibu kwa amande. Mwenye mushahara mudogo anajibu kwa mwili wake, kampani inajibu kwa hundi. Ni namna hiyo yenye tunakataa, ku Marekani na huku kwetu.

Je, huku kwetu?

Musomaji anaweza kuuliza: mambo ya Santa Fe yanatuhusu nini? Yanatuhusu, juu vijana wetu pia wanatengeneza filme na klipu za muziki, na hadisi zenye wanajua zaidi ni hadisi za vita. Ni haki yao kuzisimulia. Mutu mwenye ameona vita hawezi kuombwa atengeneze tu filme za ndoa. Lakini kijana wa Hollywood anatafuta bunduki ku kampani ya kukodisha. Kijana wa huku, bunduki iko karibu naye zaidi. Kishawishi ni kumuita askari ao mupiganaji mwenye anajulikana mu kartye, kumupa kitu kidogo, na kushika bunduki yake dakika tano mbele ya kamera. Wote wanacheka, picha inakuwa nzuri. Na mu bunduki ile hakuna risasi za kuonyesha: ziko za kweli, zenye zilikuwa zinangojea kazi yao ya kila siku.

Kijana huyo ajue sheria inasema nini. Code pénal yetu, ku artikle 52 na 53, inasema mwenye kuua mutu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, anaweza kufungwa miezi mitatu mpaka miaka mbili na kulipa amande. Kusema "sikujua iko na risasi" hakutoshe kumuokoa. Kutojua huko ndiko kukosa uangalifu kwenyewe. Code civil, ku artikle 258 mpaka 260, inaomba mwenye kuharibu alipe, na inamuomba pia mukubwa wa kazi ajibie wale wenye wanatumika chini yake. Ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Mwezi wa 9, 1985 inakataza raia kushika silaha bila ruhusa. Na sheria ya tribinali za kijeshi ya 2002 inasema hata raia mwenye kutenda kosa kwa silaha ya vita anaweza kuhukumiwa na tribinali ya kijeshi. Kwa hiyo kijana mwenye alienda kutafuta picha nzuri anaweza kujikuta mbele ya oditora wa kijeshi, na familia ya mwenzake iko ku matanga.

Kuko hatari nyingine yenye watu wa Santa Fe hawakuwa nayo. Huku, hata bunduki ya mbao yenye kupakwa rangi nyeusi inaweza kuua mwenye kuishika. Askari mwenye kupita ku barabara hataangalia kamera kwanza. Ataona vijana wenye nguo za kijeshi na kitu sawa AK, na atapiga. Kwa hiyo, hata kama silaha ni ya kuonyesha, mukubwa wa kazi apashwe kujulisha mukubwa wa kartye na wakubwa wa usalama mbele ya siku ya kazi, na kuweka watu wenye kujulisha wapita-njia.

Kwa wale wenye kutengeneza filme mu Kivu na Ituri, tunaomba mambo chache, na hakuna hata moja yenye inaomba feza mingi. Bunduki ya kweli isiingie fasi ya kazi, hata kama mwenye kuileta ni rafiki, hata kama anaapa kama iko wazi. Fundi wa mbao wa kartye anaweza kuchonga bunduki yenye itaonekana vizuri ku picha, na moto na mulio vinaongezwa kisha ku ordinatere. Ni ginsi hiyo hata wakubwa wa sinema ku Marekani wameanza kufanya kisha kifo cha Hutchins. Mutu mmoja tu atunze vitu vyote vyenye kufanana na silaha, na kazi hiyo iwe kazi yake peke yake. Kila mutu, hata mutoto mwenye kubeba maji, awe na haki ya kusema "musimame", na mwenye kusema vile asifukuzwe. Na ule mwenye kupanga kazi aandike jina lake ku karatasi kama ndiye mwenye daraka la usalama, ili siku mambo yakiharibika, asimutafute mudogo wake wa kumufichia.

Kwa wabunge na wizara yenye kuhusika na utamaduni, ombi letu ni fupi: wakati munatoa ruhusa ya kupiga filme, musiulize tu juu ya feza na juu ya picha za inchi. Muulize pia nani anatunza usalama wa watu.

Halyna Hutchins hakuuawa na mutu mwenye alimuchukia. Alikufa juu watu wengi, mmoja kisha mwengine, walitumainia kama mwenzao alikuwa ameangalia. Sisi huku tumepoteza watu wengi sana kwa bunduki zenye zilikusudia kuua. Tusianze kupoteza vijana wetu kwa bunduki zenye zilikuja tu kupigwa picha.